Gia ngumu alfajiri, nyepesi adhuhuri

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na anayeijua Juni na Julai yake hahitaji kuhadithiwa baridi. Katika miezi hiyo gari la msikiti wetu, linalobeba watoto wa madrasa na, inapobidi, jeneza, lilianza ukaidi: kila alfajiri gia ya pili haikuingia ila kwa nguvu.

Fundi wa kwanza alishauri giaboksi ishushwe na kufunguliwa. Gharama yake ingemaliza akiba yetu yote. Fedha zile ni amana ya waumini, hivyo niliiomba kamati isubiri, nami nikalichunguza gari kwa siku kadhaa. Nikabaini kwamba baada ya kilomita chache ugumu uliondoka wenyewe. Adhuhuri gia ziliingia bila taabu.

Nikampelekea habari hiyo fundi mzee wa mtaani. Akasema, "Ustadhi, kilichokatika hakiungwi na joto. Tazama oili kwanza."

Ndani ya giaboksi mna pete ndogo za shaba ya njano, zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijaumana. Oili ikiwa nzito kwa baridi, pete hizo huchelewa kushika, na mkono huhisi gia imegoma.

Mzee akaijaribu klachi, gari likiwa limesimama. Gia zikiingia vyema injini ikiwa imezimwa, kisha zikagoma ikiunguruma, mshukiwa ni klachi. Letu halikuwa na tofauti hiyo.

Nikafungua jalada la risiti. Oili iliyomo ilikuwa 80W-90, ilhali kitabu cha gari kinataka 75W-90 ya daraja la GL-4. Namba iliyo kabla ya W ikiwa ndogo, oili huwa nyepesi zaidi penye baridi. Wala GL-5 si bora kwa kuwa namba yake ni kubwa. Haifai kila giaboksi. Kifuatwe kitabu.

Mzee alilegeza kizibo cha kujazia kabla ya kile cha kumwagia, kwani cha juu kikigoma baada ya oili kumwagwa, gari haliondoki.

Kesho yake gia ya pili iliingia bila kulazimishwa, na akiba ikasalimika. Dereva wetu sasa huanza safari polepole kwa kilomita za mwanzo. Lau ugumu ungebaki hata gari likipata joto, ningekuwa wa kwanza kuidhinisha giaboksi ifunguliwe.