Kitufe cha Zizini

Kibanda cha Fundi kilikuwa sokoni Ikonge, kaunti ya Nyamira, kimebanwa kati ya kinyozi na duka la mbolea. Mwaka 2014 redio zilikuwa zimepungua mezani pake, simu zimejaa. Mimi, niliyekuwa nimetoka tu kumaliza kidato cha nne, nilivutwa na mkebe wake wa Kimbo. Ndani mlikuwa na Arduino Uno, bodi ndogo ya mikrokontrola, na bodi ya GSM ya kubandika juu yake, zote za mitumba kutoka Luthuli, Nairobi.

Bodi hiyo ya GSM huipa mikrokontrola simu yake yenyewe. Unatia laini, unaiandikia amri zinazoanza na herufi AT, nayo inatuma SMS. Yetu ilibeba moduli ya SIM900. Taa yake ikimetameta harakaharaka, inatafuta netiweki. Ikimweka mara moja kila baada ya sekunde tatu hivi, imeshapata. Na Ikonge ni vilima na chai, kwa hiyo tuliikodolea macho sana.

Mama mmoja jirani alitaka apate ujumbe mlango wa zizi ukifunguliwa usiku. Tukafunga swichi ya sumaku mlangoni, mambo yakaenda, mpaka stima ikapotea. Iliporudi, Arduino iliamka yenyewe lakini moduli ikabaki usingizini, kwa kuwa bodi ile ilitaka mtu ashikilie kitufe kwa sekunde moja au mbili ndipo iwake.

“Kwa hiyo, mwanangu,” yule mama akaniuliza, “mwizi akija nimwambie angoje kwanza nibonyeze?”

Fundi alicheka mpaka akaweka chini chuma cha kulehemu.

Jibu lilikuja na bodi ya toleo la baadaye. Kwa macho zilikuwa pacha, ila hii ilikuwa na njia nyembamba ya shaba kutoka kwenye kitufe hadi pini ya 9, imekatizwa na vidoa viwili vilivyokaribiana. Fundi aliviunganisha kwa tone la lehemu, nami nikaongeza mistari michache kwenye programu: pandisha pini ya 9, ngoja sekunde moja, shusha. Tangu hapo stima iliporudi, bodi ilijiwasha.

Toka siku hiyo nasoma matoleo ya bodi kama daftari la malalamiko. Uno yenyewe ilipofika R3 iliongezewa pini za SDA, SCL na IOREF, ndiyo maana bodi yetu ya zamani ya GSM iliacha matundu kadhaa ya Uno wazi. Tundu la umeme wa nje nalo lina sababu: SIM900 inaporusha mawimbi huweza kunyonya hadi ampea 2 kwa kitambo kidogo, mzigo usiobebeka na waya wa USB. Matangazo ya dukani hayakuambii hayo, yanakuonyesha picha nzuri tu.

Baadaye SIM800 ilichukua nafasi ya SIM900, lakini zote mbili ni za 2G. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima 2G yake mwanzoni mwa 2017, na huko bodi kama yetu haina kazi kwenye mtandao huo. Kwetu bado zinauzwa, matoleo ya zamani na mapya yakiwa yamechanganywa. Kabla hujatoa pesa, igeuze bodi usome namba ya toleo, kisha umuulize muuzaji kama inajiwasha yenyewe.