Makosa ya Mwenzetu, na Yetu Pia

Wazee wetu walisema: Mcheka kilema hafi bila kumfika. Methali hiyo tuliijua tangu utoto, na sisi wenyewe tuliwafundisha watoto wa katekismu. Lakini maana yake tuliipata siku tulipokaa tena kwenye benchi la shule, watu wazima wenye ndevu, kujifunza Kiingereza.

Labda wengine watauliza: Mkatekista wa Kongo ana haja gani na Kiingereza? Haja ipo. Jirani zetu wa Uganda wanakiandika kila siku. Rwanda mwaka 2008 ilikata shauri kufundisha shuleni kwa lugha hiyo. Na mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Basi tulitumwa Nairobi kwa miezi 6, tuijue lugha ile angalau kwa kuandika barua.

Katika darasa letu walikuwamo wamisionari wengi vijana ambao lugha ya mama yao ni Kihispania: mmoja wa Kolombia, wawili wa Meksiko, na ndugu mmoja wa Hispania yenyewe. Huyu wa mwisho alikaa karibu nasi, na upesi tukawa marafiki.

Kila Ijumaa mwalimu alirudisha madaftari, na ya wenzetu yalikuwa mekundu kwa wino kama udongo wa kwetu. Waliandika «posible» na «diferent», kwa maana Kihispania hakipendi kurudia herufi moja mara mbili, ila chache tu. Waliandika «especial» pahali pa «special», kwa maana katika lugha yao neno halianzi kwa «s» yenye konsonanti nyuma yake. Lazima «e» itangulie kufungua mlango. Waliandika «people is», kwa kuwa kwao «gente», yaani watu, huhesabiwa kama kitu kimoja. Majina ya siku na ya miezi waliyaandika kwa herufi ndogo, na Kiingereza kinataka kubwa. Tena sentensi zao zilikuwa ndefu, zikifungwa koma kwa koma mpaka mwisho wa ukurasa, na mwalimu alikuwa akisema: «Weka nukta, upumzike!»

Sisi tulicheka. Siku moja ndugu yule wa Hispania alishikwa na mafua. Alimwandikia mwalimu kwamba hataweza kuja darasani kwa sababu yeye ni «constipated». Kwao «constipado» ni mtu mwenye mafua. Kwa Kiingereza neno lile ni mtu ambaye tumbo lake limefunga, haendi chooni. Mwalimu mwema alimpelekea papai kubwa. Darasa zima lilicheka, na sisi tulicheka kuliko wote. Yeye alikula papai lake, akacheka pia, lakini si sana.

Ijumaa iliyofuata daftari letu nalo lilirudi jekundu. Tulikuwa tumeandika: «I have thirty-two years.» Mhispania husema «tengo», nina, miaka 32. Mfransa husema vilevile. Nasi katika Kiswahili tunasema: Nina miaka 32. Lakini Mwingereza hana miaka. Yeye ni miaka. Lazima aseme «I am». Chini yake tulikuwa tumeandika juu ya mama yetu: «My mother came with his brother», maana yake mama alikuja na ndugu wa mwanamume fulani! Kihispania kina neno moja, «su», kwa mume na kwa mke. Kiswahili kina «yake» na «wake» bila kuuliza ni mume au mke. Mwingereza anauliza kila mara: «his» au «her»?

Na jambo jingine. Wenzetu waliandika «Is important», bila mtu wala kitu mbele ya kitendo. Si uvivu. Katika Kihispania mwisho wa kitendo wenyewe hutaja mtendaji, kama kwetu mwanzo wa neno «ninasoma» unavyomtaja. Kitendo cha Kiingereza hutembea na mwenyewe: «It is important.» Tuliona basi kwamba Mhispania na Mswahili wanajikwaa kwenye jiwe moja.

Ingekuwa vizuri kama tungalijifunza unyenyekevu siku ile. Haikuwa hivyo.

Karibu na mwisho wa masomo, rafiki yetu aliandika barua kwa padri mkuu wa parokia moja ya ng'ambo ya mpaka, kuomba apokelewe huko afanye kazi. Barua ile ilikuwa na uzito kwake; alikuwa ameingoja miaka. Alituomba tuisome kwanza. Tulichukua kalamu kwa majivuno. Tuliweka herufi kubwa kwenye «Monday», tuliongeza «it» mara mbili, tulikata sentensi ndefu. Kiisha tukamwambia: «Ndugu, sasa ni safi, ipeleke.»

Ndani ya barua ile alikuwa ameandika: «I pretend to work with the poor.» Katika Kihispania «pretender» ni kukusudia, kutaka sana. Sisi tulijua «prétendre» ya Kifransa, basi neno lile halikutushtua, tukalipita. Lakini kwa Kiingereza maana yake ni kujifanya: Ninajifanya kuwatumikia maskini.

Jibu lilifika baada ya majuma 3. Padri aliuliza kwa upole, lakini aliuliza: Je, wataka kufanya kazi, au wataka kuonekana unafanya? Rafiki yetu alitupa karatasi ile tuisome, asiseme neno. Siku mbili hakukaa karibu nasi. Hapo tukakumbuka papai.

Siku ya tatu tulimwendea. Tulimwambia kwamba kosa lilikuwa lake kwa kuandika na letu kwa kupitisha, na letu ni kubwa zaidi, kwa maana yeye aliomba macho nasi tukampa majivuno. Aliketi akafikiri. Kiisha akasema: «Lete kamusi.» Tuliandika barua ya pili pamoja, tukimfuata kila neno moja moja kama mtu anayechagua mchele. Hatukuandika «assist» juu ya kuhudhuria Misa, maana kwa Kiingereza ni kusaidia. Wala «actually» juu ya siku hizi, maana ni kusema kweli. Pahali pa «pretend» tuliweka «I want», neno dogo lisilodanganya mtu. Padri yule alimpokea, na mpaka leo yuko huko.

Ninyi mnaojifunza lugha ya wengine, shikeni haya machache. Neno linalofanana na la lugha yenu, liogopeni kuliko neno msilolijua kabisa. Lisilojulikana mtalitafuta katika kamusi, lakini linalofanana mtalipita, kama sisi. Wekeni daftari la makosa yenu, kosa upande mmoja, sahihi upande wa pili. Someni barua kwa sauti kabla ya kuifunga.

Na mtu akikupa barua yake uisome, kumbuka kwamba amekupa pia jina lake. Usiichukue kama hakimu, uichukue kama jirani anayebeba mtungi wa mwenzake: macho chini, na polepole.