Mshono wa Mwisho

Mjomba wangu, ndugu wa mama tumbo moja, alikuwa mshona viatu Ngamiani, Tanga, na mimi nilipotimiza miaka kumi, mwaka 1948, nilikabidhiwa kwake nijifunze kazi, si kwa kuwa nilikuwa nimeonyesha dalili yoyote ya ustadi, bali kwa kuwa marehemu mama aliitakidi kwamba mtoto asiyeshikishwa kazi ya mkono hushikwa na mambo mengine ambayo mtu mwenye haya hapendi kuyataja. Wateja wa mjomba walikuwa wa namna mbili. Asubuhi walikuja wazee wa makubadhi, wakakaa barazani kungoja gidamu zao huku wakimaliza kahawa na habari za mji. Na jioni, hasa siku za Alhamisi na Ijumaa, walikuja vijana wa kandanda, wengine wa mjini na wengine wa mashamba ya mkonge, wamebeba mipira iliyonywea na viatu vilivyoachama, na hao ndio niliokuwa nikiwangojea mimi.

Kijana wa leo akiona mpira huona kitu kimoja. Mpira wa zama zile ulikuwa vitu viwili vilivyooana kwa taabu. Nje palikuwa na gozi la ng'ombe lililodabaghiwa, likakatwa vipande 18, vikashonwa vitatu vitatu kwa uzi uliopakwa nta; na ndani mlikuwa na blada yenye shingo ndefu kama ya kibuyu. Fundi alishona gozi lile likiwa limegeuzwa, upande wa nje ukiwa ndani, kama ashonavyo mshona mito, kisha akaligeuza kwa kulipitisha lote katika mwanya mmoja wa vidole vinne. Blada ikatiwa kwa mwanya ule ule, ikajazwa upepo kwa pampu ya baiskeli, shingo ikakunjwa na kufungwa kwa uzi na kusukumwa ndani, halafu mwanya ukafumbwa kwa gidamu ya ngozi kama mtu afungavyo kiatu. Kazi ya gidamu ilikuwa yangu, kwa sababu vidole vya mtoto ni vyembamba, na kwa sababu mjomba hakuipenda.

Ilikuwa kazi yenye dhamana kuliko nilivyodhani. Siku moja nilifunga kwa haraka, nikaliacha fundo limetokeza juu kama kinundu, nikakimbilia mambo yangu. Jumatatu akaja dukani kijana mmoja, senta hafu wa timu ya shamba, na katikati ya paji la uso wake kulikuwa na mistari mitano myekundu iliyopangika sawasawa, na mmoja kati ya hiyo mitano ulikuwa umepasuka. Mjomba hakunipiga wala hakuinua sauti. Aliuchukua ule mpira, akautia katika ndoo ya maji, akauacha humo mpaka adhana ya alasiri, akautoa ukichuruzika, akaniambia, "Simama pale, mjomba." Akaurusha juu. "Upige kwa kichwa." Nikaupiga, nikaona nyota mchana. Tangu siku ile sikuacha fundo nje.

Kwa haki, maji yale hayakuwa ukatili wa mjomba tu, kwani masika ya Tanga yalifanya kazi hiyo hiyo kila mwaka. Gozi lilikunywa mvua kama ardhi, hata kipindi cha pili kikawa kinachezwa na mpira ambao mtu mwenye akili zake angeukwepa. Sheria ya mchezo, tangu mwaka 1937, ilitaka mpira uwe na uzito wa wakia 14 hadi 16, lakini wakia hizo zilikuwa za mwanzo wa mchezo; yaliyofanywa na mawingu baadaye hayakuihusu sheria. Dawa yetu ilikuwa shahamu ya kondoo, tuliyoisugua katika mishono usiku wa kuamkia mchezo, nayo ilisaidia kidogo na kunuka sana.

Baadaye sana, nilipoanza kusoma habari za kazi yangu, niligundua kwamba taabu zetu zilikuwa na nasaba ndefu. Ile blada tuliyoiziba viraka kwa gundi ya baiskeli ilikuwa rehema iliyonunuliwa ghali na mshona viatu mwenzetu, Richard Lindon wa mji wa Rugby, Uingereza, ambaye mkewe alikuwa akivuvia kwa kinywa chake vibofu vya nguruwe vya kutia ndani ya mipira, mpaka akapata maradhi ya mapafu yaliyomuua. Naye Lindon, kiasi cha mwaka 1862, akaacha vibofu akatumia blada za mpira wa kupikwa kwa salfa, ule aliokuwa ameuvumbua Charles Goodyear huko Marekani, akatengeneza na pampu ya kuzijaza. Mjomba nilipomsimulia hadithi hii alimhurumia sana yule mwanamke, kisha akataka kuhakikishiwa mara tatu kwamba ndani ya mipira yetu hakuna nguruwe.

Viatu navyo vilikuwa na matata yao, ingawa wateja wetu wengi, kusema kweli, walicheza pekupeku, vidole wamevifunga vitambaa, na hawakuona aibu. Mwaka ule ule nilioingia dukani, timu ya Uhindi ilicheza na Ufaransa katika Olimpiki ya London, wengi wao bila viatu, ikafungwa 2 kwa 1 baada ya kupoteza penalti mbili, na Wahindi wa Tanga waliisimulia habari hiyo kama ushindi. Aliyekuwa na viatu alikuwa na mzigo: viatu vya kupanda juu ya kifundo, pua ngumu kama ubao, na chini yake njumu. Neno hili nimelipenda siku zote. Wahenga waliliita njumu lile pambo la madini lililotiwa katika mipini na masanduku, na ajuaye Kiarabu husikia ndani yake nyota. Lakini njumu zetu zilikuwa viduara vya ngozi ngumu, vimerundikwa vitatu vitatu, vimekongomewa misumari. Ngozi ilipolika, msumari haukulika pamoja nayo, bali ulipanda, ukatoboa wayo, ukaanza kuzungumza na unyayo wa mchezaji. Nusu ya kazi yetu ya viatu ilikuwa kuinyamazisha misumari.

Kwa hiyo zilipotufikia, baada ya miaka, habari za viatu walivyovaa Wajerumani katika fainali ya Kombe la Dunia kule Bern, tarehe 4 Julai 1954, mjomba alizisikiliza kama mtu asikilizaye habari za mirathi. Mvua ilikuwa inanyesha. Wahungaria, ambao hawakuwa wameshindwa kwa miaka minne, walitangulia kwa mabao mawili ndani ya dakika nane. Na Wajerumani, ambao njumu zao zilikuwa za kukaza kwa skurubu, kila hali ya uwanja na urefu wake wa njumu, walirudisha yote mawili na kuongeza la tatu. Fundi wao aliitwa Adolf Dassler, wa mji mdogo wa Herzogenaurach, aliyegombana na nduguye Rudolf hata karakana moja ikazaa mbili, Puma mwaka 1948 na Adidas mwaka 1949, kila mmoja akidai kuwa njumu za skurubu ni zake yeye. Ugomvi wa ndugu juu ya mali ya nyumba moja haukuwa kitu kigeni kwa watu wa pwani, na mjomba hakuushangaa. Alichoshangaa ni skurubu: kwamba mtu alikuwa amekaa akafikiri kwamba njumu si sehemu ya kiatu, ni mgeni wake, aje na aende.

Lakini mpira usio na gidamu ndio uliomnyima usingizi. Ulikuja dukani mwaka 1955 au uliofuatia, kutoka katika klabu ya shamba moja la mkonge, umepasuka blada, na karani aliyeuleta akataka uwe tayari kesho. Mjomba akaugeuza mikononi, akaugeuza tena. Ulikuwa umefumbwa pande zote. Palikuwa na kitundu kidogo tu cha kupitishia sindano ya pampu, chenye mpira ndani unaojifunga wenyewe. Ama mwanya, haukuwako. Aliniita nitazame na macho yangu ya ujana, nami sikuona kitu. Nakumbuka maneno yake kama yalivyo: "Kila kishonwacho kina mshono wa mwisho. Huu mwisho wake uko wapi?"

Usiku ule akaufumua. Aliwasha taa ya mafuta, akaketi na maharazi yake, akafumua uzi mmoja baada ya mmoja, akihesabu kwa sauti kama mtu avutaye tasbihi, na karibu na alfajiri akaniamsha anionyeshe. Mishono mitano ya mwisho ilikuwa imepitishwa kutoka nje ikiachwa legelege, uzi ukivuka mwanya kama madaraja, halafu ncha mbili zikavutwa kwa nguvu hata midomo ya ngozi ikakutana, zikafungwa fundo, na fundo likasukumwa ndani kwa tundu la sindano. "Mwisho umemezwa," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea barua njema. Karani hakufurahi alipoukuta mpira umekuwa vipande. Mjomba alimlipa jozi tatu za viatu, akavishona vipande vile upya kwa ajili yake mwenyewe, na ule ndio mpira pekee nilioujua katika maisha yake ambao hakuuza.

Siku hizo hatukujua kwamba ufumbuzi ule ulikuwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini, wala kwamba watu watatu wa mji wa Bell Ville, Argentina, Tossolini, Valbonesi na Polo, waliuanzisha mwaka 1931 kwa sababu ile ile ya paji la uso la senta hafu wetu. Mwaka mmoja kabla yao Argentina na Uruguay zilishindwa kukubaliana juu ya mpira wa fainali ya kwanza ya Kombe la Dunia, ikaamuliwa kila timu itoe wake kwa kipindi kimoja: Argentina wakaongoza 2 kwa 1 kwa mpira wao, kisha Uruguay, kwa mpira wao, wakamaliza 4 kwa 2. Mtu asinidanganye kwamba mpira ni mpira tu.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, nami nitayapitia mbio. Mwaka 1970 ukaja mpira wa vipande 32, ishirini vyeupe vya pembe sita na kumi na viwili vyeusi vya pembe tano, rangi zilizochaguliwa ili macho yaufuate katika televisheni isiyo na rangi. Mjomba, ambaye hakuwa na televisheni, aliusifu kwa uduara wake, akafariki miaka minne baadaye. Mwaka 1986, Mexico, mpira wa Kombe la Dunia ukaacha ngozi kabisa, na suala la mvua likafungwa. Kazi ya kushona kwa mkono ilikuwa imekwisha kuhamia Sialkot, Pakistan, ambako husimuliwa kwamba yote yalianza kwa fundi aliyepewa mpira uliopasuka wa Waingereza autengeneze, akaujua ndani na nje. Huko pia walishona watoto, mpaka mapatano ya mwaka 1997 yalipokusudia kuwatoa. Na mimi niliyeshikishwa gidamu nikiwa na miaka kumi nasema ilikuwa haki watolewe, maana mtoto wa dukani kwa mjomba na mtoto wa kulipwa kwa hesabu ya mipira si watu wa hali moja.

Kisha, mwaka 2006, Ujerumani, uzi wenyewe ukaondoka. Vipande vilikuwa 14 tu, vimegandishwa kwa joto, na miaka minne baadaye Afrika Kusini ilipata mpira wa vipande vinane, laini kama yai, ambao walinda mlango waliulaani kwa lugha zote. Hapo nilicheka peke yangu. Wataalamu walieleza kwamba mishono, ile tuliyoihesabu kuwa ila, ndiyo iliyokuwa ikiparuza hewa na kuushika mpira katika njia yake. Mpira laini ukipigwa bila kuzungushwa huyumba kama mlevi ungali na mwendo mkubwa. Basi mpira wa Brazil wa 2014, ingawa vipande vyake vilipungua vikawa sita, ulipewa viungo vyenye urefu wa zaidi ya mita 3, ambapo ule wa 2010 ulikuwa na mita 2 hivi, na ngozi yake ikatiwa vipele. Waliufuta mshono, wakaurudisha bila uzi.

Na huko Qatar mwaka 2022 mpira ulichajiwa kabla ya mchezo kama simu, kwa kuwa katikati yake kilitundikwa chombo kinachopima mwendo mara 500 kwa sekunde. Ureno ilipoifunga Uruguay, Cristiano Ronaldo alishangilia bao la kwanza kama lake kwa kichwa. Mpira ukaulizwa, ukajibu kwamba haukuguswa, na bao likaandikwa kwa Bruno Fernandes. Mjukuu wangu aliniuliza sisi tulijuaje zamani. Nilimwambia tulitazama paji la uso.

Ule mpira wa mjomba uliliwa na panya katika masika ya mwaka 1998, nami sikuwa makini. Sina wa kumlaumu. Maharazi yake ninayo, na nta ninayo. Basi ndugu msomaji, ukiwa na mpira wa gidamu wa zama zile darini au uvunguni, hata kama umekauka na kupasuka, usiutupe. Ulete Ngamiani, ulizia mshona viatu mzee. Sitatoza kitu, na fundo nitaliingiza ndani.