Kwenye ukingo wa Kivu, mashua ya zamani inarudishiwa rangi



Juma hili tunawapeleka ziwani. Wengi wetu tunaliona Ziwa Kivu kila siku, lakini ni mara chache tunasimama kulitazama. Maji yake yako juu sana, karibu metre 1.460 kupita usawa wa bahari, na kina chake kinapita metre 400. Goma iko kaskazini, Bukavu kusini, na Idjwi katikati kama mama aliyelala. Hapa Bukavu mji umejengwa juu ya vidole vya nchi vilivyoingia majini, ndiyo maana ukishuka mtelemko wowote, mwisho unakutana na ziwa. Usiku tunaona taa za wavuvi wa sambaza. Asubuhi tunaona wamama wa Idjwi wakishusha mananasi, ndizi na maharagwe. Kwetu ziwa ni barabara, ni soko, na ni kisima pia.

Siku ya posho iliyopita tulishuka ukingoni, wamama saba wa kikundi chetu, kwa ajili ya jambo moja. Wenzetu wanaouza mananasi wameweka makuta ya likelemba pamoja, wanataka kununua mashua ya zamani ya fibra. Mwenyewe anaiuza bei ya chini kwa sababu imechakaa kwa macho: ubavu uliokuwa bluu umekuwa kama majivu, na sehemu nyeupe imegeuka manjano kama jino la mzee. Swali letu lilikuwa hili: je, mashua hii imekufa, ao imepauka tu?

Mbele ya kujibu, fundi alitufundisha mashua ya fibra ni nini. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizolowanishwa na rezini, safu juu ya safu, mpaka zikauke na kuwa ngumu. Juu yake kuna ngozi ya mwisho yenye rangi, inayoitwa jelikoti. Ngozi hiyo ni nyembamba, mara nyingi haifikii hata milimetre 1. Ndiyo inayozuia maji yasiingie katika nyuzi, na ndiyo inayong'aa mashua ikiwa mpya.

Jua ndilo adui wake mkubwa. Miali ya jua inavunja-vunja uso wa jelikoti kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka, na unabaki unga mweupe kama wa chaki. Sisi tulio kwenye milima tunapigwa na jua kali zaidi kuliko watu wa chini, hata siku ambazo baridi inatudanganya. Ongeza mafuta ya moteri, matope, na majani ya majini yanayoshika pale maji yanapofikia. Mashua ya miaka 20 inakuwa kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

Fundi alitupa majaribio mawili, na kila mama anaweza kuyafanya. La kwanza: pangusa ubavu kwa kitambaa cheusi. Kikitoka na unga mweupe, jua limekula uso wa juu. La pili: mwagia maji mahali pamoja na utazame. Rangi ya zamani ikirudi maji yakiwa bado pale, basi rangi ingali iko chini, na mashua inaweza kusafishwa bila kupakwa rangi mpya. Tulimwaga kopo moja la maji. Bluu ikatokea, bluu kabisa, na wamama wakapiga vigelegele.

Kazi yenyewe inafanana na kazi ya nyumba: inataka uvumilivu kuliko nguvu. Kwanza mashua inatolewa majini na kuoshwa kwa sabuni na burashi laini, kwa sababu mchanga ukibaki utaikwaruza. Madoa ya manjano na ya kutu yanaondolewa kwa dawa yenye asidi ya oksaliki, mikono ikiwa ndani ya glavu, kisha inasuuzwa kwa maji mengi. Hapa tusikilize vizuri: javeli haitibu jelikoti iliyopauka, na tusiichanganye hata siku moja na dawa ya asidi. Mchanganyiko huo unatoa hewa yenye sumu inayounguza mapafu. Hii ni sheria ya ziwani na ya jikoni pia.

Kisha unakuja msasa wa maji. Wanaanza na namba 800, wanaendelea na 1000, wanamaliza na 1500. Namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi. Unachovywa katika ndoo kila mara, na mkono hausukumi sana, zaidi kwenye kona ambapo ngozi ni nyembamba. Ukiona nyuzi zimeanza kutokea, umekwisha kupita jelikoti, na hapo kusugua hakusaidii tena. Inapashwa kutiwa jelikoti mpya ao rangi. Kisha wanapaka dawa ya kusugulia, kipande kidogo kama meza ya mwanafunzi kwa mara moja, kivulini, wakizungusha kitambaa mpaka kioo kirudi. Mwisho ni nta, mara mbili. Nta haing'arishi tu, inakinga pia. Lakini haidumu: inapashwa kurudiwa mara moja ao mbili kwa mwaka, na mashua ifunikwe kwa shitingi wakati haisafiri.

Tulimwuliza fundi juu ya vumbi. Alisema msasa mkavu unarusha unga wa rezini na wa kioo, unaoingia kifuani na kuwasha ngozi. Kwa hiyo maji ni ya lazima, na vifuniko vya pua na mdomo pia. Sisi tukaongeza mambo mawili ambayo mama anayaona mbele ya fundi. Watoto wasicheze pale. Na maji machafu ya kazi yasirudi pale wamama wanapochota maji ya kupika. Mashua ivutwe mbali, na uchafu ukusanywe. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, si pamoja na nguo za mtoto.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Fundi alipokwisha kutuonyesha bluu, alizunguka nyuma ya mashua, akagonga kwa kichwa cha bisibisi ule ubao unaobeba moteri. Mbele, sauti ilikuwa kavu na wazi. Nyuma ilikuwa nzito, kama kugonga boga lililooza. "Mama mwalimu," akasema, "hapa maji yameingia ndani. Mkianza na kung'arisha, mtakuwa mmevika mgonjwa nguo ya sikukuu."

Wamama wakanyamaza. Mashua inayong'aa inapata abiria haraka. Hilo kila mtu bandarini analijua. Lakini abiria hao ni sisi, na watoto wetu migongoni. Bado tunakumbuka tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, mashua iliyotoka Minova ilipozama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imejaa kupita kiasi. Ilikuwa inakaribia kufika, na watu waliokuwa ukingoni waliiona ikizama. Njia ya nchi kavu ilikuwa imefungwa na vita, na watu hawakuwa na njia ingine. Siku ile haikuwa shauri la rangi.

Kwa hiyo, tukiwa tumeketi juu ya mawe, tulipanga makuta upya. Cha kwanza, ubao wa nyuma ukatwe na kujengwa upya, na bei ya mashua ipunguzwe kwa sababu hiyo. Cha pili, jile za kuelea, moja kwa kila abiria, na za watoto ziwe za kipimo cha watoto. Cha tatu, idadi ya watu na mizigo iandikwe ubavuni kwa herufi kubwa, na mama mmoja wa kikundi awe mwenye kuhesabu siku ya soko. Kung'arisha kukawa cha ine. Msasa na nta si bei kali, na mikono tunayo.

Hata wewe usiye na mashua, unaweza kuitazama mbele ya kupanda. Rangi iliyopauka isikuogopeshe. Nyufa ndogo kama utando wa buibui, ulizia. Ufa mrefu unaopita chini ya maji, ubao wa moteri unaotikisika, maji yanayochotwa ndani bila kupumzika, ao watu waliokwisha kujaa: shuka, ungojee ingine. Mananasi yanaweza kulala siku moja.

Mashua ya wenzetu itavutwa juu juma lijalo, kama mwenyewe atakubali bei mpya. Mama mwenye nafasi siku ya posho alete ndoo, kitambaa cha pamba na glavu. Watoto wabaki nyumbani.