Kabla Kuku Hajaona Jua

Wateja wanaofika kwangu Mafinga kununua kuku wa nyama hutazama mabanda ya kuhamishika kwenye ukoka, wakaamini siri yote iko kwenye majani. Mimi nimeishi kwa kazi hii, nimesomesha watoto kwayo, na nasema bila kusita: kuku wa malishoni hutengenezwa ndani, kwenye bruda, pale vifaranga wanapolelewa kwa joto.

Baridi yetu ya Juni na Julai haina huruma kwa kifaranga wa siku moja. Bruda yangu ni duara la hadibodi, wala si chumba chenye pembe, maana vifaranga wakishikwa na baridi hulundikana pembeni na wa chini hufa kwa kukosa hewa. Maranda ya kutandika hayanisumbui, viwanda vinavyopasua mbao za msitu wa Sao Hill viko jirani. Nachagua yaliyo makavu na manene, kwa sababu vumbi la msumeno vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula. Jiko la mkaa nawashia nje mpaka moshi uishe, ndipo liingie, na dirisha la juu halifungwi kamwe. Hewa ya mkaa huua kuku pamoja na mlezi wake.

Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzijoto 32 hadi 35, kisha napunguza kama 3 kila wiki. Kipimajoto ninacho, ila namwamini zaidi kifaranga. Wakisongamana kwenye jiko, wana baridi; wakikimbilia ukingoni na midomo wazi, joto limezidi; wakilala upande mmoja tu, kuna upepo unapenya. Wakitawanyika kama mtama ulioanikwa, naenda kulala. Lakini kwanza nashika magole. Gole laini lililojaa, amekula na kunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji.

Usiku mmoja kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi alinigongea mlango.

“Shikamoo Mama. Vifaranga wanapiga kelele.”

“Marahaba. Wanalia au wanaongea?”

Akanyamaza, akasikiliza. “Wanalia, Mama.”

Tulikuta jiko limejaa majivu. Tulipoongeza mkaa wakatulia, ikabaki ile milio midogo ya aliyeshiba. Leo kijana yule ana bruda yake.

Chanjo ya kideri na ya gumboro sina mjadala nazo. Huwa zimeingia kabla hawajatoka.

Kutoka ndiko kunakogombanisha wafugaji. Wengine huhesabu wiki 3, wengine 4. Mimi nampindua kifaranga nikaangalia mgongo na kifua: kama manyoya ya utotoni bado yanaonekana, habanduki ndani. Waliokamilika nawanyima moto siku chache, usiku na mchana, ndipo nawatoa asubuhi kavu isiyo na ukungu. Banda lao halina sakafu. Tunalisogeza kila siku ili wakanyage majani safi na kuacha kinyesi nyuma, maana kuhara damu hupenda mahali palipolowa na kuchafuka. Na chakula hakikomi. Kuku wa nyama hawezi kukua kwa majani matupu. Pumba, mashudu na dagaa bado ni vyake.

Najua kinachowafanya wengi wawahi kuwatoa: mkaa ni ghali. Ndugu mfugaji, bei ikikuelemea, punguza idadi ya vifaranga unaoagiza. Siku zao za ndani usiziguse.