Mbegu Zisizofukiwa

Kwa miaka 26 niliajiriwa kwenye kitalu cha miti wilayani Muheza. Mkono wangu ulizoea mbegu ya msaji, nene kama gololi: unachimba, unatia, unafukia. Nilipoanza kuotesha nyumbani ua la milima yetu ya Usambara, mkono huo ndio ulioniponza.

Ni lile la zambarau lenye moyo wa njano na majani yenye manyoya, linaloshika kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, na huku kwetu watu wanaling'oa mwambani wakauze. Hilo liliniuma, nikaamua kuotesha la kwangu.

Mbegu zake ni vumbi. Ukipumua karibu, zimekwenda. Nilizifukia kama za msaji, nikamwagilia mwezi mzima. Halikutoka hata jani. Mzee mmoja tuliyefanya naye kazi akaja kutazama.

“Mwanangu, hizi umezizika. Kule juu ya jiwe nani huzifukia?”

Zinataka mwanga. Safari ya pili nilichekecha mboji, nikachanganya na mchanga wa mto, nikaumwagia udongo ule maji ya moto kuua kuvu, ukapoa. Mbegu nikazinyunyiza juu kutoka kwenye karatasi iliyokunjwa, nikafunika trei kwa nailoni, nikaiweka kivulini. Maji niliyapitisha chini, trei ikanywa yenyewe. Siku ya 19 nikaona vidoa vya kijani, vidogo kuliko kichwa cha sindano. Nilimwita mke wangu aje na tochi.

Wengi hukata jani na kulichomeka. Ni rahisi, na linatoa mmea uleule. Mimi napenda mbegu kwa kuwa kila mche huja na sura yake. Kuhamisha miche hiyo ni kazi ya subira: unaibua kwa ncha ya kijiti, hushiki shina hata kidogo.

Ilichukua miezi tisa hadi ua la kwanza. Miche 31 ilichanua, mmoja ukiwa umepauka kuliko mama yake, karibu rangi ya maziwa. Huo bado uko barazani, upande wa mashariki, na mwaka huu umebeba maganda manne.