Jumapili Moja Kisiwani Pemba

Ukitaka kufika Pemba kutoka Unguja, utapanda meli mpaka bandari ya Mkoani, kisha utashika njia ya Chake Chake. Ni nchi ya vilima na mikarafuu. Wakati wa mavuno utaona karafuu zimeanikwa juu ya majamvi, na harufu yake itakufuata mpaka mjini. Karibu wenyeji wote ni Waislamu. Wakristu ni wachache, na wengi wao wametoka bara: walimu, askari, wauguzi.

Nilikwenda kumzuru mwalimu mmoja niliyesoma naye chuo cha ualimu. Yeye ni Mprotestanti. Jumapili, nilipokwisha kusali Misa, nilitaka kumfuata kanisani kwake, nikapotea njia. Mzee mmoja Mwislamu, mwenye kofia ya kiua, aliondoka barazani pake akanisindikiza mpaka mlangoni.

Kanisa lenyewe ni dogo. Watu hawakuzidi arobaini. Waliimba, wakasoma Maandiko, mhubiri akafundisha. Mwishoni mzee wa kanisa aliuliza, "Nani amefika kwetu leo mara ya kwanza?" Akasimama askari kijana, aliyehamishwa kutoka Mbeya juma lile. Hakuulizwa barua. Aliulizwa amepata chumba wapi, tena nani anampikia. Mama mmoja akasema, "Basi leo utakula kwangu, mwanangu." Kisha wote wakampa mkono, mmoja mmoja.

Nilipomsifia rafiki yangu jambo hilo, alinijibu, "Hapa karibu sote tulikuja wageni. Nani atasahau?"

Kupokea wageni namna hii si jambo jipya kisiwani humo. Mwaka 1897 Waprotestanti wa Uingereza waitwao Marafiki walianzisha misheni yao Banani, karibu na Chake Chake, katika shamba la karafuu. Mwaka huohuo, tarehe 6 Aprili, amri ya Sultani iliondoa utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Lakini mtumwa aliyetaka uhuru alipaswa kwenda kuuomba mahakamani. Akisha kuupata, aende wapi? Wengi waliletwa kutoka bara, hawana ukoo kisiwani. Banani palikuwa na kazi ya ujira na mahali pa kukaa. Mapadre wetu nao walikuwa wamewapokea watu kama hao Bagamoyo tangu mwaka 1868.

Sasa niungame kosa langu. Mimi ni karani wa parokia. Mwaka jana alikuja mezani kwangu mama mmoja mgeni, mtoto mgongoni. Sikumwuliza hata jina. Nilimdai kwanza kadi ya zaka na barua ya parokia alikotoka. Hakuwa nazo. Akasema, "Asante, karani," akaenda zake. Sijamwona tena kanisani. Daftari langu lilibaki safi, lakini mtu nilimpoteza.

Sisemi vitabu vya parokia viachwe. Kazi yake ipo. Lakini barua yaweza kufuata baadaye. Mtu akishavunjika moyo, ni vigumu kurudi.

Basi, ndugu msomaji, Jumapili ijayo tazama benchi ya nyuma. Ukimwona usiyemjua, usimngojee Padre. Mpe mkono, mwulize amefikia wapi, umwonyeshe kwako. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nami nimeweka kiti cha pili mezani kwangu. Mgeni huketi kwanza, ndipo daftari lifunguliwe.